Karata ya Sitini na Moja

Usiku wa mwisho wa Oktoba, Lublin,
nimewatandaza wafu wangu juu ya meza ya jikoni
kati ya chupa ya siki na meno ya bandia ya Bwana Wieczorek
niliyopaswa kuyang'arisha tangu Jumanne.

Kanuni yataka sitini. Ninazo sitini na moja.

Nianze na wachimbaji: wanne, bila mjadala.
Mchimbaji akiingia huzika karata tatu za juu ya fungu langu mwenyewe,
na mpinzani mgeni hucheka, hudhani natupa mali jalalani.
Acheke. Kwangu mimi jalala ndiyo ghala.
Bibi Arusi wa Chumvi, akitokea mkononi, hudai taa tisa,
na taa huwashwa moja moja, kila zamu moja;
nani ataishi hadi ya tisa?
Akitokea kaburini ni mbili tu,
naye huja na hasira zake zote, shela imelowa.
Kufa kufaana. Aliyeisema
alikuwa na zamu ya tatu nzuri.

Kunguru Mhasibu: watatu. Wanne nilijaribu,
wakanijia wawili mwanzoni, kaburi tupu,
wakakaa kama makarani siku ya sikukuu,
hakuna cha kuhesabu.
Taa ishirini na mbili. Ishirini na moja ni ujasiri wa kijinga,
nilikufa nao mara mbili mwezi Agosti,
mkono umejaa majitu, kibiriti sina.

Mama anaingia na ndoo na brashi ya kesho.
Kesho ni siku ya kaburi la nyanya Leokadia:
kusugua kuvu, kupanga krisantemu,
kuwasha mishumaa ndani ya glasi nyekundu
hadi kilima kizima kiwe kaa la moto.
Anaitazama meza. "Hawa nao wanataka kusuguliwa?"
"Wanataka kupunguzwa, mama. Mmoja amezidi."
Anavuta kiti, anavaa miwani, anawasoma mmoja mmoja
kama asomaye majina ya mawe.

"Na huyu mbwa? Mbona yuko peke yake?"

Naam, mbwa. Mbwa wa Mlangoni, nakala moja, kona imekunjika.
Alinipa Dobromił kabla hajahamia Norwei kukata samaki vichwa.
Hafai. Akifa haendi kaburini, hurudi mkononi,
alipiwe tena, abweke, afe, arudi.
Fungu zima linakula kifo, yeye anakitema.
Kila hesabu niliyopiga inasema: mtoe.

Nikamtoa Kunguru.

Jumapili, ukumbi wa zimamoto, baridi inatoka ukutani.
Raundi ya nne, meza ya kumi na saba.
Ksawery, miaka kumi na mitatu, ana mafua
na adabu iliyozidi; ananiita mheshimiwa.
Zamu ya tatu nina tisa kaburini, Bibi Arusi miongoni mwao,
mkono umeshainuka kumwita.
"Samahani," akasema, akalaza Ufagio.

Ufagio hauui. Wafu hawauawi.
Unafagia.
Jasho lote la wachimbaji, nje ya mchezo,
hata vumbi la kumpa Kunguru halikubaki.

Nilibaki na taa nne na mbwa.
Akabweka. Akafa. Akarudi.
Akabweka. Ksawery akapenga kamasi, akaanza kuhesabu kwa vidole.
Watu wawili wakasogea kutazama.

Nilishindwa, bila shaka. Lakini zamu sita baadaye, si mbili,
na mtoto wa watu alitoka jasho na mafua yake.

Ndani ya basi natoa mbili, naingiza mbili, nazirudisha.
Mishumaa ya jana bado inawaka kule kilimani.
Simu inaonyesha Bwana Wieczorek amepiga mara tatu.
Anataka kula.