Duara Tupu

Tulikuwa saba, sasa wanne, juu ya duka la baiskeli
nyuma ya stesheni ya Swansea.
Mvua haipigi hodi hapa, ina funguo zake.
Birika limechomoka mkono, tunalishika kwa soksi.
Mshahara wa Februari ulifika Aprili,
ukafika peke yake, bila nduguye wa Machi.

Kazi yenyewe ni nini? Mama huniuliza kila Jumapili
na kila Jumapili namjibu vibaya.
Tunaifundisha mashine sarufi, Mama.
Kiima, kitenzi, shamirisho. Basi.
Swansea / iko katika / Wales.
Eluned / ni binti wa / Morfydd.
Ukiwa na sentensi milioni arobaini za namna hiyo
mashine huanza kuunga udugu
kati ya vitu ambavyo havijawahi kukutana.
"Tatu tatu," asema Mama, "kama Utatu?"
Hapana, Mama. Au sijui. Nipitishie chumvi.

Gethin, aliyeianzisha kampuni kwa pesa za nyumba ya bibi yake,
hamwamini Mungu, ila anaamini awamu ya pili ya ufadhili.
Simcheki.
Kanisani kwetu tumebaki kumi na mmoja,
paa linavuja juu ya kinanda,
na bado tunapanga viti sitini.

Juma lile tulikuwa tunaingiza daftari za maziko
za makanisa ya bondeni, kazi ya halmashauri,
ndogo, ila inalipa umeme.
Mwandiko wa makarani waliokwisha kufa,
wino rangi ya chai.
Ukurasa wa tisini na mbili, mwaka 1911:
mtoto mchanga, wa Iestyn Prosser, mchimba makaa.
Jina hakuna. Mama hakuna.
Siku aliyozaliwa na siku aliyozikwa ni moja.

Programu ikamkataa. Mstari mwekundu:
kiima hakina kitambulisho.
"Futa," alisema Gethin, bila ubaya, mkate mdomoni,
"data pungufu inachafua grafu."
Na mteja aliitaka kazi Ijumaa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Nilisali? Sikusali. Nilisema "ah" tu,
na siku nyingine hiyo ndiyo sala yote niliyo nayo.

Maana kuna kanuni katika ufundi wetu
ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa:
kisichoandikwa si uongo.
Hakijaandikwa tu.
Daftari likinyamaza, usiseme hapakuwa na mtu.
Na kuna alama, duara dogo lisilo na kitu ndani,
ya kusema: yupo, ila jina lake hatunalo.

Nikaliweka.
Duara / ni mtoto wa / Iestyn Prosser.
Duara / amezikwa / Bethania, safu ya nne.
Mstari mwekundu ukazimika.
Uzi mwembamba ukatoka kwake ukamfikia baba,
ukapita kwa baba ukashuka mgodini,
ukapanda kwa shangazi mwenye duka la nyuzi,
kwa dada sita waliozaliwa baadaye,
kwa mmoja wao aliyevuka bahari hadi Patagonia
akazaa, akazaa tena,
hata skrini ikawa haimtoshi.

Gethin akaja, akasimama nyuma yangu.
"Huyu ni nani?"
"Sisi hatujui."
Nadhani alilisikia lile "sisi" likibaki hewani.
Akarudi mezani kwake na soksi yake na birika.
Hakusema futa.

Machi bado haijalipwa.
Jumapili nilipanga viti, nikakinga ndoo chini ya paa,
kisha mezani Mama akauliza tena kazi yenyewe ni nini.
Nikamwambia: wiki hii, Mama, nilichora duara.
"Moja?"
Moja.
Alinitazama kitambo,
akanipitishia chumvi kabla sijaomba.