Mshuka Ngazi

Fulana aliinunua Wete, chini ya rundo la mitumba,
elfu tatu, ya kupandia mikarafuu.
Mgongoni namba sita na jina la mtu asiyemjua,
kifuani ndege mweupe kasimama kwa mguu mmoja.
Jina la timu refu, la Kiingereza cha kaskazini, mie silitamki.
Naiita Yangeyange, naye kachoka kunisahihisha.

Mwaka ule ule alioanza kuipenda, ikashuka daraja.

Bandani kwa Massoud wakaifuta ubaoni:
"Daraja la pili hatuonyeshi, yakhe.
Tafuta timu, hiyo msiba."
Na Kiduchu, ambaye timu yake haijawahi kushuka
wala deni lake dukani,
akameza funda la kahawa, akasema:
"Mpanda ngazi hushuka."
Shaame akauliza, "Na mshuka ngazi je?"
Baraza zima likakohoa.

Mechi arubaini na sita. Nilidhani ananitania.
Akanionyesha, kazipanga kwa penseli nyuma ya kalenda.
Arubaini na sita!
Hata mwaka wa karafuu haumdai mtu
kupanda mara zote hizo.

Agosti walifungwa mbili, mvua ikinyesha huko kwao;
huku jua, majamvi yametandikwa, vidole vinanuka makonyo.
Septemba sare, sare, sare,
hadi nikauliza, hawa wanacheza au wanashona?
Disemba wakashinda sita mfululizo
na nyumba yetu ikapata bati jipya.
Si kwa sababu yao, ni pishi zetu wenyewe,
lakini yeye aliyachanganya mambo hayo mawili
na mie sikuyatenganisha.

Ramadhani, baina ya uji na tarawehe,
aliniambia kipa kavunjika kidole.
Usiku nikakiota kidole cha kipa.
Kwani namjua?
Nikamwombea kimoyomoyo, baada ya wazazi wangu.

Mei. Mechi ya mwisho.
Masika imemwagika Mtambwe yote,
mtandao umekataa kushuka chini,
unapatikana juu, tawi la nne,
mkarafuu alioupanda marehemu bibi yake.
Akavaa namba sita. Simu akaifunga mfuko wa nailoni.
Akaegemeza ngazi.
Watu wanapita, wamejifunika majani ya mgomba:
"Mize, mumeo anachuma nini na mti haujazaa?"
"Muulizeni mwenyewe," nikawajibu,
nikaishika ngazi, maji yakinitiririka hadi kwapani.

"Moja bila!" akapiga kelele.
Nani moja? Nani bila?
Upepo ukalichukua jina.
Kimya. Matone. Jogoo wa jirani aliyekosea saa.
Kisha nikauona mguu wa kulia ukitafuta kidato,
ukakikosa, ukatulia, ukatafuta tena.
Aliyeshinda hashuki hivyo.
Na aliyeshindwa huruka tu, hajali avunjike.

"Wa tatu," akasema, fulana imemganda.
"Wa tatu kapanda?"
"Wamepanda wawili wa juu. Kutoka wa tatu mpaka wa sita
wanagombea nafasi moja iliyobaki."
"Mechi ngapi?"
"Tatu. Tukijaaliwa."
Alisema *tukijaaliwa*, sikusema kitu.
Miezi tisa alikuwa akisema *wakijaaliwa*.

Usiku nikaichukua fulana. Kwapa limepasuka,
ndege kafumuka shingo.
Nikamshona kwa uzi mweusi, mweupe sikuwa nao,
sasa ana alama kama aliyewahi kuchinjwa akapona.

Nilipotoka nje nilimkuta anaivuta ngazi
airudishe ukutani.
"Iache hapo hapo," nikamwambia.