Kibuyu Kimoja

Mwezi wa kumi, Kitangari, hewa yote inachacha.
Mabibo yameanguka, hakuna wa kuyazoa yote,
na anayepita shambani anakanyaga pombe
kabla haijawa pombe.

Kaka yangu Dadi hujifunga khanga ya mama puani
akienda chooni.
Watu wanacheka. Mjomba Nampembe anasema:
"Pombe haina miguu. Haijamfuata mtu kwake."
Mjomba hajawahi kulala kwetu msimu huu,
upepo ukitoka mikoroshoni.

Tulianza siku moja, mimi na yeye.
Mama alikuwa akikamua uraka bandani,
uraka uleule uliotununulia sare za shule.
Tukaiba kibuyu kimoja, tukanywa kwa zamu,
yeye funda, mimi funda,
tukatapika pamoja nyuma ya ghala,
tukachapwa kwa ufito mmoja.
Nilipofika miaka ishirini na mitano niliacha
kama mtu anavyovua ndala mlangoni.
Sikulia, sikutetemeka.
Na kwa hilo msikitini wananiita mwenye msimamo.

Msimamo gani?
Mama alipougua tumbo, miezi mitatu,
ni Dadi aliyeshuka bondeni kuteka maji,
saa nzima na nusu kupanda na ndoo,
bila kukosa siku.
Mimi nilikosa siku nyingi.
Kama ni suala la ugumu wa moyo
basi mizani imekosea, kama ile ya chama cha msingi
inavyokosea kila mwaka, upande uleule.

Lakini pia ni Dadi aliyeng'oa mabati manne ya jikoni,
akayauza, akanitazama usoni,
akasema tumeibiwa.
Homa haijui kudanganya.
Malaria haiuzi bati lako
halafu ikakuapia kwa kaburi la baba.
Hapo ndipo ninapokwama,
na nimekwama hapo mwaka wa sita.

Nilimpeleka Ndanda.
Alfajiri mikono yake ilikuwa ikicheza yenyewe,
kikombe cha chai kinagonga meno,
naye anaitazama mikono ile
kama mgeni msibani, hajulikani kaja na nani.
Sista Avelina akaandika: ugonjwa.
Aliandika upesi, kama bei ya chumvi.
Nilitaka kumuuliza, na yale mabati?
Nilitaka pia kumbusu mkono.

Dadi akaisoma karatasi, akaikunja mara nne.
"Usimwambie mjomba," akasema.
"Akisikia naumwa atanihurumia.
Bora anitukane. Anayetukanwa
bado anadhaniwa anaweza."

Leo ni siku ya arobaini na moja.
Usiku kaja kugonga mlango wangu,
hakusema kitu, akakaa kizingitini,
khanga shingoni.
Nikaleta muhogo wa kuchoma, tukautafuna kimya.
Mara upepo ukageuka. Harufu ikaingia,
tamu, nzito, ya utoto wetu.
Nikameza mate.
Akasikia nimemeza,
akacheka kidogo,
akanisogezea ncha ya pili ya khanga.