Pamba Kumi na Mbili

Tulizifunga Jumatatu, maji yakiwa yamekupwa,
mimi na Mwinshehe, matope yakitushika magoti:
vipande kumi na viwili vya pamba
isiyowahi kuonja sabuni,
kila kimoja ndani ya wavu wa vitunguu,
kila kimoja na namba yake,
kuanzia chini ya daraja la Salenda
kupanda Msimbazi, hadi mikoko inapokonda.

Maji ya mlangoni si shahidi.
Saa sita yanaingia, saa sita yanatoka,
chumvi inafuta ulichosema mto asubuhi.
Na harufu, ukikaa nayo, inageuka jirani:
huisikii tena.

Kijana aliyekuwa akifukua chambo kwa kijiko
alituuliza kama tunatafuta dhahabu.
"Tunamtafuta mwenyewe," Mwinshehe akasema.
"Mwenyewe wa nini?"
Mwinshehe akamwonyesha maji.
Mavi ya kale hayanuki, sawa.
Haya yalikuwa ya jana usiku.

Alhamisi, maabara. Tukaziba madirisha kwa magunia,
tukazima taa, feni tukaiacha.
Nikawasha kurunzi ya zambarau.
Namba moja, giza.
Mbili, giza. Tatu, nne.
Ya tano ikasitasita.
Ya saba ikawaka,
nyeupe ya buluu, kama sare ya shule
siku ya kwanza ya muhula.
Sabuni ya unga haijui kujificha:
imepita bomba moja na kinyesi
na sasa inamtaja mwenzake.

Ramani niliifungua, ingawa sikuihitaji.
Bomba la namba saba linatoka Upanga,
nyuma ya ukuta wenye bugenvilia,
kwenye shimo la ghorofa nne
ambalo gari la kunyonya halijaligusa
tangu masika ya mwaka juzi.
Tulichanga mara moja. Hela zikapaka lango rangi.
Ghorofa ya tatu, dirisha la jikoni, kamba:
shuka zangu.

Wahenga walisema kiko nguoni.
Hawakusema kitang'aa.

"Safu ya chanzo, niandike nini?"
Mwinshehe alikuwa na kalamu tayari.
Nikamtajia mtaa. Feni ikazunguka.
Nikamtajia namba ya nyumba.
Akaandika, akaanza kupuliza wino,
kisha akaacha, akaniangalia.

Nyumbani, beseni la nguo
nimeliloweka tangu alfajiri. Povu limeshakufa.
Nimesimama nalo mlangoni mwa choo
na sijui niyamwage wapi.