Nyepesi, Si Laini

Nilikuwa daktari wa meno, Limoges, miaka arobaini
nikichungulia vinywa vya watu kwa kioo kidogo cha duara,
wala sikujua kinywa kinaweza kuficha nini.

Mashati nilimpelekea Bi Solange Peyrichout,
dobi wa kona, Mtaa wa Wachinjaji,
mwanamke mnene, koti la buluu, slipa za sufi,
redio yake ikibwata matokeo ya farasi.
"Alhamisi," husema. Nami: "Alhamisi."
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, miaka tisa.

Nilipostaafu nikajitia kutafsiri Kilatini,
maandishi ya makaburini, mistari miwili mitatu,
kazi ya mgane asiyependa karata.
Karatasi moja nikaisahau mfukoni.
Alhamisi ikarudi imepigwa pasi, imekunjwa mara nne,
na pale nilipoandika "ardhi na iwe laini juu yako"
penseli imekata neno moja tu.
Pembeni: "nyepesi".

Nikasimama njiani, mashati begani kama mtoto aliyelala.
Nani? Mle ndani hamna mtu mwingine
ila mvuke, na paka mwenye jicho moja.

Juma la pili nikatega.
Makosa mawili: moja la ujinga wangu, moja la kusudi.
Yakarudi yote yamenyooshwa, na chini yake:
"Hili la mwisho umelitia makusudi.
Sina muda wa kuchezewa, daktari.
Halafu kola zako zimechakaa."

Jumatatu duka hufungwa. Jumatatu nikabisha mlango wa nyuma.

Alikuwa na miaka kumi na minne, akaniambia,
kiwandani, akipaka dhahabu kwenye kingo za sahani.
Vitabu vya seminari iliyofungwa vililetwa kwa kilo,
vichanwe, vifungie vyombo visivunjike safarini.
Yeye alichana polepole kuliko wenzake.
Sahani zilivuka mipaka zimevaa sarufi.
Kamusi aliiokoa chini ya aproni,
lakini kwa kuchelewa: M hadi P zilikwisha ondoka
na seti ya vikombe vya harusi ya watu asiowajua.

Hebu fikiri. Kwa Kilatini, humo ndimo kilimo kifo,
humo usiku, humo amani.
"Nilikuwa nakisia," akasema, akimenya chungwa.
"Kifo kilikuwa rahisi. Amani ilinisumbua."

Nikamuuliza mbona hajamwambia mtu.
"Mtu akikuona mjinga, husema yote mbele yako.
Nimejua talaka tatu kabla ya mahakimu."
Akacheka. Kisha hakucheka.
"Na dada yangu ndiye aliyesomeshwa. Nafasi ilikuwa moja."

Kuhusu lile neno la kwanza nilibisha, ndiyo, nilibisha,
nikaleta kitabu, nikaonyesha kwa kidole.
Akanitwika shuka iliyotoka kwenye maji.
Laini, akasema, hujulikana kwa vidole.
Mfu hana haja ya vidole.
Anachoomba ni kifua kisielemewe.
Nilisimama pale nikidondokwa maji hadi soksini.

Mbele ya wateja hatukubadilika.
"Alhamisi." "Alhamisi." Redio, farasi.
Ila mifuko yangu ilikwenda imejaa, ikarudi imejaa,
na mke wa mfamasia akanong'ona
kwamba siku hizi daktari anachafua mashati mno.

Sasa duka limeuzwa; watauza simu.
Jana kengele yangu ya mbele ililia.
Solange, viatu vya kutokea, nywele zimechanwa,
mkononi hanga, na kwenye hanga, ndani ya nailoni
iliyofungwa vizuri kama suti ya bwana harusi,
ile kamusi yenye pengo.

Nikamletea nilichokuwa nikinakili kwa mkono tangu majira ya baridi.
"Bado," nikasema. "Nimefika N."
Akaupima mrundo kiganjani, kama apimavyo nguo mbichi.
"Nzito," akasema,
akavua koti, akauliza jiko liko wapi.