Sweta la Treni ya Kigoma

Aliyenifundisha kufuma ni Ntahondi,
mchukuzi wa mizigo hapa stesheni ya Tabora,
kiganja chake kimoja kinafunika sinia.
Alijifunza hospitali ya misheni, kule Kasulu,
mguu umening'inizwa miezi mitatu,
hana kazi ila kuhesabu mabati ya dari.
Sista akamletea uzi. "Hesabu hivi," akasema.

Nami nauza tiketi, dirisha la pili.
Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku mbili
za baiskeli ya mjomba,
nilizisugua kwenye sakafu mpaka ncha ikakubali.
Uzi wa kijani, rangi ya mahindi machanga.
Muuzaji aliapa kwa mama yake hauchuji.
Unachuja. Vidole vyangu ni mashahidi.

Siku ya kwanza nilifuma fundo.
Siku ya pili, fundo lenye mtoto mgongoni.
Ntahondi hakucheka. Alilipokea
kama anavyopokea tenga la kuku la abiria aliyesinzia,
akalilegeza kwa jino, akanirudishia.
"Kabla ya fundi," akasema, "kuna fundo."
Sijui kama ni methali
au aliitunga palepale, uzi ukiwa bado mdomoni.

Usiku, treni imekwama, wanasema Usinge,
wengine wanasema haijatoka hata Uvinza,
watu wamelalia mafurushi ya michembe na madumu ya asali,
ubao wangu wa chaki unasema saa nne
na saa nane imeshapita,
mimi nafuma.
Moja ndani, moja nje.
Moja ndani, moja nje.
Mtu anagonga kioo: "Dada, imefika wapi?"
"Imefika kwapani," najibu,
kabla sijajua nimejibu nini.

Ukilishika sweta hili utalisoma.
Hapa chini pindo limekaza kama ngozi ya ngoma:
ni Machi ile, mvua ilikula tuta la reli,
siku mbili hatukulala, hatukusemeshana.
Tundu hili ni la mwanamke aliyezimia kwenye foleni;
niliruka, vitanzi vitatu vikaponyoka,
na sikurudi kuviokota.
Mkono wa kulia umeuzidi wa kushoto vidole vinne.
Injini ilikufa Juni, baridi ikaingia ofisini,
nikafuma, nikafuma, nikasahau kuacha.

Lilikuwa la Kasanda, mtoto wa dada yangu, Ujiji.
Nilianza akiwa anatambaa.
Picha aliyonitumia dada juzi
Kasanda anacheka, meno mawili ya mbele yameng'oka.
"Isitoshe," Ntahondi akasema, akiitazama simu kwa mbali,
"Ujiji kuna joto. Sweta la nini?"
Miaka yote hiyo
sikuwa nimeliwaza hilo.

Jana nikaitafuta ncha ya uzi, nikavuta.
Kufuma na kufumua, tofauti silabi moja,
lakini kufumua kuna mbio:
Machi, Juni, injini, yule mwanamke
(alipona; alinunua tiketi ya Kaliua, akasahau chenji)
vyote vilishuka mapajani mwangu
kabla birika halijachemka.
Uzi umebaki na mawimbi,
kama nywele zilizotoka kufumuliwa,
bado zinakumbuka msuko.

Nimeuviringa. Donge kubwa kama papai.
Hakuna kilichopotea ila umbo,
nalo, tuseme kweli, halikuwa la mtu.

Usiku huu wametupigia: treni imetoka Uvinza,
kwa wakati. Tumetazamana.
Nimeanza soksi.
Ntahondi amekunja uso, mzigo wa mtu ukiwa kichwani:
soksi zina kisigino, kisigino kina ujanja wake,
na halafu, ameniuliza, unajua kwamba soksi ni mbili?

Najua.
Mguu wa pili ni wa treni ya kurudi.