Toleo la Ishirini na Tatu

Boksi la uji wa oti limegeuka ziwa.
Nililipasua kwa mkasi wa jikoni, vigae arobaini na vinane,
upande mmoja nikaupaka rangi nyeupe,
upande wa pili bado yuko yule mkulima wa kiwandani
anayetabasamu na kijiko chake.
Kwa hiyo nyufa za barafu yangu zina masharubu.
Haidhuru. Mchezo ukiwa mchanga hauvishwi suti.

Sheria, nilivyoziandika usiku wa kwanza:
ni Aprili, Ziwa Näsijärvi limeanza kulegea,
una barua tano za kufikisha ng'ambo.
Vuta karata, piga hatua, geuza kigae.
Ukiona masharubu, umezama.

Jumanne, meza ya nyuma, maktaba ya Lielahti.
Oiva analeta mkate mweusi,
Sirkka-Liisa analeta ubishi,
na mjukuu wake Aatu, miaka kumi na mmoja,
haleti kitu ila macho.

Mchezo wa kwanza, Aatu akashinda.
Wa pili, Aatu.
Wa tatu nikamchunga mikono:
hakuwa ametia mguu kwenye barafu hata mara moja.
Alikaa ufukoni na karata zake, akasubiri tuzame.
"Sheria haikatazi," akasema.
Na kweli, haikatazi.
Miezi minne nimejenga mchezo wa kuvuka
ambao dawa yake ni kutovuka.

Basi nikautoza ufuko:
kila zamu ya kusimama, barua moja inalowa.
Watu wakatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizi,
wakazama wote kabla kahawa haijapoa.
Toleo la kumi na saba nikapunguza.
La kumi na nane nikapunguza nilichopunguza.
Namba ndogo tu, mbili au tatu,
na mtu mzima halali.

Sasa niseme lililonikaa kooni.
Karata niliyoipenda kuliko zote iliitwa Mlango Wazi.
Baba aliendesha lori la posta juu ya ziwa hili,
mlango wa dereva umezuiwa kwa kamba usijifunge,
mguu mmoja kwenye mafuta, mwingine nje, hewani,
katika baridi ya kukata masikio,
ili barafu ikitamka neno, aruke.
Mchezo mzima niliuanzisha kwa ajili ya mguu ule.

Lakini karata ilikuwa na mistari saba ya maelezo.
Kila ilipotoka, ziwa lilisimama:
Oiva anatafuta miwani,
Sirkka-Liisa anauliza, "Kabla ya kugeuza, au baada?"
nami naeleza, naeleza tena, nachora kwenye leso ya karatasi.
Mchezo unaomhitaji mtunzi wake pembeni
si mchezo, ni hotuba.

Nikaziondoa. Karata nne.
Sikuzitupa, ziko kwenye droo ya vijiko.
Usiku ule nilihisi nimemshusha baba garini
katikati ya ziwa, nikaondoka na lori.

Jumanne iliyofuata sheria zilienea nyuma ya bahasha.
Hakuna aliyeuliza kitu. Nikakosa la kufanya na mdomo wangu,
nikala mkate.

Aatu amebakiwa na barua moja.
Kigae kimoja kati yake na ng'ambo.
Vidole viko juu yake, havigeuzi.
Kisha namwona anasukuma kiti nyuma, taratibu,
goti linatoka chini ya meza,
mguu mmoja umebaki ndani,
mwingine uko nje, kisigino juu, tayari.

Hakuna aliyemfundisha.
Hakuna karata inayosema hivyo.
Oiva ameacha kutafuna.

"Geuza," anasema bibi yake, "kungoja kuna bei."
"Najua," anasema Aatu,
na mguu haurudi ndani.

Nikachukua penseli,
pembeni mwa bahasha nikaandika:
hapa, usiguse tena.